Texas au California? Nesi wa Tanga naomba mawazo yenu kabla sijapanda ndege

BintiChumbageni

Habari za saa hizi wanajamvi. Mie mtu wa Tanga, Chumbageni, ila makazi ni Marekani, jimbo la Ohio, na mume wangu na watoto watatu. Sasa hivi niko nyumbani likizo, nakula mihogo ya nazi na samaki wa Deep Sea mpaka nimesahau kama kuna kitu kinaitwa theluji, na ndo maana naandika hapa, maana hiyo theluji imetuchosha na tumeamua tukirudi tu tunahama jimbo.

Ugomvi uko hapa. Mume wangu anataka Texas, Houston. Sababu zake ni kwamba kule hawakati kodi ya mapato ya jimbo, nyumba bei nafuu, na ana rafiki zake wa tangu Ngamiani wako hukohuko wanaendesha malori kama yeye. Mie nina mama mdogo Sacramento, California, na huyo mama ndo aliyenilea nusu ya utoto wangu, na ananiambia manesi kule wanalipwa vizuri na kazi ina utu. Kila mmoja anamtumia mwenzie klipu za jimbo lake, huyu klipu za moto California, huyu klipu za mafuriko Texas, yani imekuwa Simba na Yanga ndani ya nyumba.

Nimewaweka kikao wazee hapa barazani, baba anasema nendeni kwenye ndugu, mjomba anasema nendeni kwenye hela, nikawaachia kahawa yao nikaondoka.

Mie ni nesi mwenye leseni (RN), natumia ya Ohio. Mume ana lori lake mwenyewe, sio la kampuni, ni la zamani kidogo. Mtoto mkubwa yuko darasa la 11, kwa hiyo chuo kiko mlangoni. Nyumba tunapanga kwanza, kununua baadae. Naomba mtu anayeishi huko anielezee kwa uhalisia, sio "Texas uhuru" au "California wamechanganyikiwa", hizo siasa zao nimezisikia za kutosha kwenye tv. Naomba kuwasilisha.

MtotoWaPongwe

Dada karibu, mie pia nesi, niko California mwaka wa ngapi huu, nilipitia Texas kabla. Ntakuongelea wodini tu maana hayo mengine kila mtu anajua.

California kuna sheria ya idadi ya wagonjwa kwa nesi kwenye wodi zote za hospitali. Sheria ilipita 1999 ikaanza kufanya kazi 2004. Wodi ya kawaida nesi mmoja wagonjwa watano mwisho, ICU wawili. Sio kwamba bosi akijisikia, ni sheria, na ukienda kula lazima awepo mtu wa kushika wagonjwa wako kwa idadi ileile, sio unamwachia mwenzio mwenye watano wake akawa na kumi. Texas hakuna hiyo namba. Hospitali inakuwa na kamati yake ya kupanga manesi, kuna zinazopanga vizuri sana na kuna zinazokuacha unakimbia korido na wagonjwa saba huku dawa za saa mbili zinakuwa za saa nne. Hiyo nimeiishi na sisemi ni wapi.

Halafu kitu ambacho watu hawakijui, chakula. California usipopewa nusu saa yako ya kula, mwajiri anatakiwa akulipe saa moja ya ziada kwa siku hiyo. Mara ya kwanza msimamizi ananifata na kunisukuma niende kula nlidhani nimefanya kosa, kumbe anaogopa kulipa. Texas sheria ya jimbo haimlazimishi mtu yeyote akupe muda wa kula, ni sera ya mwajiri tu.

Mshahara kweli ni mkubwa, kwa manesi California iko juu kuliko majimbo yote. Ila na kodi ya nyumba nayo inakusubiri mlangoni. Sacramento afadhali, San Francisco na Los Angeles usijaribu na watoto watatu kama huna kazi tayari mkononi.

Jambo moja ulishike, LESENI. California haimo kwenye ule mkataba wa leseni moja majimbo mengi. Itabidi uombe upya kwao, alama za vidole, karatasi za chuo, na kama ulisomea nesi Tanzania watataka kuona mtaala wako somo kwa somo. Hiyo inakula miezi. Anza kuomba sasa hivi ukiwa huko, chuo chako ulichosomea ukifate mwenyewe kwa miguu uwaombe wakuandalie karatasi, maana ukirudi Marekani ukaanza kupiga simu utazeeka.

KijanaWaBarabaraYa12

Mimi ni wa Ngamiani na niko Houston, kwa hiyo mume wako tupo pamoja 😂 naomba nitete upande wetu bila matusi.

Shem, leseni kwanza maana dada hapo juu kagusa. Ohio iliingia kwenye huo mkataba Januari 2023 na Texas imo siku nyingi. Kama leseni yako ya Ohio ni ile ya majimbo mengi, unafika Houston unaanza kazi nayo, unatakiwa tu ndani ya siku 60 baada ya kuhamia uombe ya Texas. Miezi ya kukaa bila mshahara unaijua wewe, na watoto watatu.

Kodi, ni kweli jimbo halikati mshahara hata senti, na 2019 wananchi walipiga kura wakaweka kwenye katiba kabisa. Lakini nisiwe mnafiki, hela ya serikali lazima itoke mahali na hapa inatoka kwenye KODI YA MAJENGO. Ukijumlisha kaunti, shule, na wilaya ya maji (chombo cha maji cha eneo, nacho kinatoza kodi yake) kwa hizi nyumba mpya za pembezoni, inaweza kufika asilimia 2 ya thamani ya nyumba au kupita. Nyumba ya dola laki tatu unaongelea kama dola elfu sita kwa mwaka kabla ya punguzo, kila mwaka, hata ukimaliza mkopo. Punguzo lipo kwa anayeishi mwenyewe kwenye nyumba, 2023 wakalipandisha la upande wa shule likawa dola 100,000 za thamani hazihesabiwi, na baadae wakaongeza tena, lakini lazima ujaze fomu, kuna ndugu zetu wamekaa miaka hawajajaza. Na anayepanga asijidanganye, mwenye nyumba anaiweka humohumo kwenye kodi yako.

Dukani mtakatwa asilimia 8.25, California inaanzia 7.25 na miji mingi inapita hapo. Vyakula vya kawaida vya kupika hakuna kodi kote kote. Mafuta ya gari sisi tunacheka, wao wanalia, California karibu kila mwaka ndo ghali kuliko wote bara zima.

Joto ni la Tanga la Februari, lile la jasho, ila toa upepo wa bahari wa jioni. Ac sio anasa hapa, na bili ya umeme ya mwezi wa nane itakutoa macho.

Chakula nenda mtaa wa Bissonnet, kusini magharibi, Wanigeria wamejaa, utapata muhogo, bamia, samaki mkavu, mpaka unga wa dona ukitafuta. Misikiti iko kila upande wa mji na madrasa za watoto zipo. Bila gari huendi popote lakini, hilo lijue.

MtotoWaPongwe

@KijanaWaBarabaraYa12 kaka mbona umeruka umeme? Februari 2021 mlikaa gizani siku ngapi na baridi?

KijanaWaBarabaraYa12

Nilikuwa nafika huko dada usiniwahi 😅

Ni kweli. Ile baridi ya Februari 2021 zaidi ya nyumba milioni nne zilikatika umeme, na serikali ya jimbo yenyewe ilihesabu vifo 246. Sababu ni kwamba Texas ina gridi yake peke yake, imejitenga na ya nchi nzima, kwa hiyo mitambo ya gesi ilipoganda hakukuwa na jirani wa kumuazima umeme wa maana. Mabomba yalipasuka ndani ya kuta, mtu anayeyusha theluji kwenye sufuria apate maji ya kuvutia choo, Texas hiyo, jimbo la mafuta. Baada ya pale wamelazimisha mitambo ivishwe kinga ya baridi. Halafu Julai 2024 kimbunga Beryl kikapita Houston yenyewe, zaidi ya wateja milioni mbili wakakatika umeme na hapo ni kiangazi, joto la kufa mtu. Mimi nimenunua jenereta, najiona niko Makorora enzi za mgao.

Ila dada na wewe mwambie ukweli wa moto. Januari 2025 Los Angeles, Palisades na Altadena, majengo zaidi ya elfu kumi na sita yameteketea. Na mji wa Paradise 2018 watu 85 walikufa, na Paradise sio mbali kivile na huko Sacramento anakoenda. Na kuna makampuni makubwa ya bima ambayo kufikia 2023 yalikuwa yameacha kuuza bima mpya za nyumba California.

MtotoWaPongwe

Nakubali. Sacramento mjini moto wenyewe haufiki kirahisi ila moshi unafika, kuna wiki unafunga madirisha na watoto hawatoki nje. Na tetemeko lipo, hatuliongelei ila lipo.

Ila hiyo kodi ya mapato ya California wanayoitangaza watu ya asilimia 13.3 ni ya mwenye kipato cha kupita dola milioni moja jamani. Nesi na dereva hawako huko. Inaanzia asilimia 1 inapanda ngazi kwa ngazi. Na akinunua nyumba, tangu 1978 kuna sheria, kodi ya jengo msingi wake asilimia 1 na thamani ya kukadiriwa haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka uiuze. Kwa mpangaji nako, nyumba nyingi za kupanga zilizozidi miaka 15 mwenye nyumba hawezi kupandisha zaidi ya asilimia 5 kujumlisha mfumuko wa bei, na hata iweje isipite 10 kwa mwaka. Houston anaweza kukuletea barua ya bei yoyote mkataba ukiisha.

KijanaWaBarabaraYa12

Hiyo ya mpangaji siwezi kubisha. Hapa ukichelewa kodi ya pango unaandikiwa notisi ya siku tatu ya kuhama.

Gia_ya_Kumi

Nimesoma mpaka hapa sijaona mtu kaongelea lori na huyo dada kasema mumewe ana lori lake LA ZAMANI. Hapo ndo penye kesi nzima. Mimi nimeendesha huko njia zote hizo.

Shemeji muulize mumeo swali moja, injini ya lori lake ni ya mwaka gani. Sio lori, INJINI. California tangu Januari 2023 lori kubwa la dizeli lenye injini ya chini ya 2010 hawakusajilii na halitakiwi kutembea barabara zao, hata kama namba zake ni za jimbo lingine. Kuna misamaha michache kwa magari ya kutembea kidogo sana ila kwa mtu wa safari ndefu asahau hiyo. Kwa hiyo kama injini ni ya 2007 au 2008, kuhamia Sacramento maana yake lori linauzwa, na atauzia wapi kwa bei ya maana, tena itabidi aingie mkopo wa lori jipya, na hapo mshahara wako wa nesi ndo utalisha nyumba peke yake kwa muda.

Na la pili, kama anajiunga na kampuni kama dereva wa kujitegemea, California kuna ile sheria ya AB5, inamhesabu dereva kama mfanyakazi mpaka kampuni ithibitishe vinginevyo. Kwa wengine ni kinga, kwa wenye lori lao imekuwa kikwazo, makampuni mengine hayataki kabisa kusaini na mwenye lori anayekaa California. Wenye malori walipeleka kesi, Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza Juni 2022, ikabaki.

La tatu, dereva wa majimbo mengi anatozwa kodi ya mapato na jimbo analokaa tu, sio kila anakopita. Akikaa Texas ni sifuri. Akikaa California wanachukua yao hata kama mwezi mzima yuko Nebraska. Na spidi ya lori California ni maili 55 kwa saa, utalala barabarani.

Texas ubaya wake ni ukubwa. Houston mpaka El Paso ni kama kilomita 1,200, hujatoka jimbo, kama Dar mpaka Mwanza vile. Mume atakuwa anasema "niko Texas" na wewe humuoni wiki.

Kwa lori, jibu ni Texas, sina siasa.

MzeeWaRaskazoni

Mwanangu nimesoma yote pamoja na lugha yenu ya malori. Mimi sijafika huko, nimeishia Mombasa na Maskati. Ninauliza ya kwetu.

Watoto utamuachia nani? Mume yuko njiani wiki, wewe una zamu ya usiku, mtoto wa mwisho ana umri gani? Hao rafiki wa mumeo Houston ni wanaume madereva, nao hawapo nyumbani. Mama yako mdogo yupo na anaweza kulala na watoto. Hilo mmelipigia hesabu au mnahesabu kodi tu? Maana nasikia kulea mtoto kwa kulipia huko ni ghali kama kodi ya nyumba.

Na ile nyumba yenu mnayojenga Kange (baba yako kanitembeza, iko usawa wa renta) msije mkaiacha iote magugu kwa ajili ya mkopo wa lori.

BintiChumbageni

Shikamoo mzee wangu, kumbe upo humu! Baba asijue kama nimeleta mambo ya nyumbani mtandaoni 🙏

Wote nimewasoma na nashukuru sana. Nimempigia mume video nikamsomea ya Gia_ya_Kumi, akaenda kuangalia kibao cha injini. Ni ya 2008. Ameanza kucheka huyo kama kafunga goli dakika ya tisini.

Mtoto wa mwisho ana miaka minne, mzee, na hapo ndo umenishika. Huko Ohio tulikuwa tunapishana zamu na jirani Msomali, Mungu ampe heri. Houston sina mtu kama yule. Nimemuuliza mama mdogo kama anaweza kuja Houston akae na sisi japo mwaka, hajakataa, kasema joto lake ataliweza ila hataki kuishi nyumba isiyo na mti wa kivuli. Kwa hiyo naona tunaelekea Texas kwa masharti, mume asiwe wa safari ndefu kila wiki, na mie natafuta hospitali ambayo kwenye intavyuu ntauliza idadi ya wagonjwa kabla ya mshahara. Leseni ya California naomba hivyohivyo, karatasi za chuo nazifata Jumatatu.

Maswali mawili yamebaki. Huyu wa darasa la 11, chuo inakuwaje tukihama? Na Houston nisikae wapi kwa sababu ya maji? Zile picha za mafuriko ya kimbunga Harvey 2017 sijazisahau.

MtotoWaPongwe

Chuo: majimbo yote mawili yanataka mmekaa mwaka mzima kabla ya masomo kuanza ndo alipe ada ya mwenyeji, California ni mwaka na siku moja. Ada ya mgeni ni mara mbili mara tatu, kwingine hata zaidi. Kwa hiyo popote mnapokwenda hamieni kabla hajaanza darasa la 12, mkichelewa mpaka amalize shule mmeumia. Tunza mkataba wa nyumba na leseni ya gari yenye tarehe. Umeniangusha kwa kwenda Texas ila mwaka wa kwanza wodini ukikushinda leseni utakuwa nayo, njoo.

KijanaWaBarabaraYa12

Karibuni sana! Maji: fungua ramani ya mafuriko ya FEMA (shirika la maafa la serikali ya Marekani) uweke anwani yenyewe, lakini isikutoshe, maana Harvey ilizamisha nyumba nyingi ambazo kwenye ramani zilikuwa nje ya eneo la hatari. Tangu 2022 mwenye nyumba Texas anatakiwa akuandikie kama nyumba anayokupangisha iliingia maji ndani ya miaka mitano iliyopita, usisaini bila hiyo karatasi. Lakini Harvey imeshapita hiyo miaka mitano, kwa hiyo haitaonekana hapo, gonga kwa jirani umuulize 2017 maji yalifika wapi, watakuonyesha alama ukutani. Na bima ya vitu vya ndani ya kawaida hailipi mafuriko, ya mafuriko inakatwa peke yake na mara nyingi inasubiri siku 30 ndo ianze, usingoje mpaka kimbunga kionekane kwenye tv.

Mwambie mume aniandikie inbox, kuna jamaa anaendesha makontena ya bandarini hapahapa Houston, analala kwake kila siku, na wanatafuta mwenye lori.

BintiChumbageni

Kulala nyumbani kila siku?? Huyo jamaa nampigia mie mwenyewe. Inbox tayari.